Nyumba Zisizobishwa Hodi

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Kwetu sisi mtu haingii nyumba ya mwenzake bila kubisha hodi. Anasimama mlangoni, anapiga hodi, na mwenyeji ana wajibu wa kuitika. Anaweza kusema karibu. Anaweza kusema subiri kidogo. Anaweza hata kusema leo haiwezekani, nina mgonjwa ndani. Lakini kukaa kimya huku moshi unafuka jikoni ni utovu wa adabu, na mgeni huondoka akijiuliza kuna nini humo ndani.

Sheria ya uhuru wa kupata habari za serikali, ukiivua yale maneno mazito ya wanasheria, ni sheria ya kubisha hodi. Inampa raia haki ya kusimama mbele ya ofisi ya umma na kusema: fedha za barabara ile zimekwenda wapi? Mkataba ule umetiwa saini na nani? Na inaitaka ofisi iitike kwa maandishi, katika siku zilizotajwa. Leo nchi zaidi ya 100 duniani zina sheria ya namna hiyo. Ni jambo jema.

Lakini juma hili nataka tuulize swali ambalo watu wengi hulisahau. Katika kila nchi iliyotunga sheria hiyo zipo nyumba ambazo raia haruhusiwi hata kuzibishia hodi. Ni zipi hizo? Nani aliziondoa katika orodha? Na ziliondolewa kwa sababu gani?

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna kufunga kabati, na kuna kuficha nyumba. Kufunga kabati ni pale sheria inaposema kwamba karatasi za aina fulani ni siri: mipango ya vita, jina la mpelelezi, faili la mgonjwa hospitalini. Hapo ofisi bado inaitika. Inakwambia, hili siwezi kukupa, na sababu ni hii. Nawe ukiona sababu haitoshi, unakata rufaa. Kuficha nyumba ni pale sheria inaposema kwamba ofisi fulani nzima haimo. Hapo hakuna sababu ya kutolewa wala rufaa ya kukatwa. Swali lenyewe halizaliwi.

Sasa tufungue historia.

Sheria ya kwanza ya aina hii ilitungwa Sweden mwaka 1766. Mmoja wa waliopigania hoja hiyo alikuwa kasisi aitwaye Anders Chydenius, mtu wa Finland, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya ufalme wa Sweden. Sheria hiyo iliruhusu raia kusoma na kuchapisha nyaraka za serikali. Haikuishi kwa raha. Mfalme Gustav III alipojitwalia madaraka mwaka 1772, uhuru huo ulibanwa, na ikachukua miaka mingi kabla haujasimama tena sawasawa. Funzo la kwanza hilo: mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa tena.

Tuvuke bahari twende Marekani. Mbunge mmoja wa California, John Moss, alianza mwaka 1955 kudai sheria ya kuilazimisha serikali ijibu maswali ya raia. Ilimchukua miaka 11. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 4 Julai 1966, sikukuu ya uhuru wa nchi yao. Sheria hiyo ilizibana wizara na idara zote za serikali kuu. Je, Bunge lililoitunga? Halimo. Mahakama? Hazimo. Rais mwenyewe na washauri wake wa karibu? Nao hawamo, na mwaka 1980 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilikazia hilo katika kesi iliyohusu kumbukumbu za mazungumzo ya simu ya Henry Kissinger alipokuwa mshauri wa Rais. Ndivyo ilivyo hadi leo. Wabunge wa Marekani waliwapa raia haki ya kuchungulia nyumba za wenzao, na ya kwao wakaiacha imefungwa.

Lakini nchi ambayo kisa chake kinatufaa zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni Uingereza, kwa sababu tabia zetu nyingi za maofisini tulizirithi kwao, na tabia ya usiri ni mojawapo.

Mwaka 1911 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Siri za Serikali. Wakati huo kulikuwa na hofu ya wapelelezi wa Kijerumani, na muswada ukapita haraka mikononi mwa wabunge wa kuchaguliwa katika siku moja tu ya mwezi Agosti. Kifungu chake cha pili kilifanya kuwa kosa kwa mtumishi kutoa habari yoyote ya ofisini bila ruhusa. Yoyote, iwe nzito au nyepesi. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1989. Makoloni yalipopata uhuru, kila mahali zikatungwa sheria za ukoo huo huo: Kenya mwaka 1968, Tanzania mwaka 1970. Bendera zilibadilika, lakini ule mhuri mwekundu wa neno SIRI ukabaki mezani.

Waingereza wenyewe walichelewa. Sheria yao ya uhuru wa habari ilipita mwaka 2000, chini ya serikali ya Tony Blair, na ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2005. Mwishoni mwake iliwekwa orodha ndefu ya taasisi zinazobanwa: wizara, halmashauri za miji, polisi, hospitali, shule, vyuo vikuu. Kwa jumla zilihesabiwa kuwa kama 100,000.

Sasa tazama nani hayumo. Idara za ujasusi, ile ya ndani na ile ya nje, pamoja na kituo chao cha kunasa mawasiliano, hazimo kabisa. Vikosi maalumu vya jeshi havimo. Nyumba ya kifalme haimo. Benki Kuu imo, isipokuwa katika maamuzi yake kuhusu sera ya fedha. Shirika la utangazaji la BBC limo, isipokuwa katika kazi yake ya uandishi wa habari, sanaa na fasihi, kwa maana kwamba mwandishi asilazimishwe kumtaja aliyempa habari. Baadhi ya hayo, msikilizaji, mtu mwenye busara atayakubali. Jasusi anayejibu barua za kila mtu si jasusi tena.

Bunge je? Tofauti na Wamarekani, wabunge wa Uingereza walijiweka ndani ya sheria. Tuwape haki yao katika hilo. Tatizo lilianza pale watu walipobisha hodi kweli.

Mara sheria ilipoanza kutumika, waandishi wa habari, miongoni mwao mwanamama Heather Brooke, waliomba kuonyeshwa jinsi wabunge walivyotumia posho zao, hasa posho ya nyumba ya pili kwa wale wanaotoka mbali na London. Ni fedha za walipa kodi, na swali lilikuwa la kawaida kabisa. Uongozi wa Bunge ukakataa. Shauri likapanda ngazi kwa ngazi, kutoka kwa Kamishna wa Habari hadi kwenye baraza la rufaa.

Likiwa bado njiani, wabunge wakapata wazo. Mbona tusijitoe tu katika orodha? Mwaka 2007 mbunge mmoja, David Maclean, alileta muswada mfupi wa kuliondoa Bunge lote katika sheria ya uhuru wa habari. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri masikioni: ati kulinda barua ambazo wananchi wanawaandikia wabunge wao kuhusu shida zao. Wapinzani wa muswada wakajibu kwamba barua hizo tayari zinalindwa na sheria nyingine. Hata hivyo, tarehe 18 Mei 2007, Bunge la Makabwela, yaani lile la wabunge wa kuchaguliwa, liliupitisha kwa kura 96 dhidi ya 25. Kwa maneno mengine, walio wengi ukumbini siku hiyo waliona kwamba sheria inayozifaa shule na hospitali haiwafai wao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Kilichouzuia muswada huo ni jambo dogo. Ili uwe sheria ulihitaji lodi mmoja wa kuufikisha katika Bunge la Malodi. Hakupatikana hata mmoja. Muswada ukafa.

Mwezi Mei 2008 Mahakama Kuu iliamua kwamba habari za posho zitolewe. Mwezi Januari 2009 serikali ikajaribu tena kupitisha amri ya kuzificha, kisha kelele zikazidi ikaiondoa. Na hatimaye, tarehe 8 Mei 2009, gazeti la Daily Telegraph, likiwa limepata kumbukumbu zote kwa njia ya uani, likaanza kuzichapisha siku baada ya siku.

Mambo yaliyoonekana humo hayakuwa ya kusimulia mbele ya wakwe. Mmoja aliomba kulipiwa kibanda cha bata cha kuelea bwawani, paundi 1,645, ingawa ofisi ya posho ilimkatalia. Mwingine aliweka katika hesabu zake gharama za kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake. Hao ndio makabwela wa Uingereza! Lakini vituko hivyo ndivyo vilivyokuwa vidogo. Jambo kubwa lilikuwa mchezo wa kubadilisha nyumba. Mbunge leo anaandikisha nyumba hii kuwa ndiyo ya pili, anaikarabati kwa fedha za umma, kesho anaandikisha ile nyingine. Wengine walidai riba ya mikopo ya nyumba ambayo walikwisha imaliza kulipa.

Spika wa Bunge, Michael Martin, alilazimika kujiuzulu. Hakuna Spika aliyekuwa amesukumwa kutoka kitini tangu mwaka 1695. Wabunge kadhaa na malodi wawili walifikishwa mahakamani wakafungwa jela, na kazi ya kusimamia posho ikaondolewa mikononi mwa wabunge na kupewa chombo huru.

Na hapa, msikilizaji, tega sikio. Mwezi Juni 2009 Bunge nalo lilitoa rasmi kumbukumbu zake. Zilikuwa zimepakwa wino mweusi mahali pengi, na anwani za nyumba zimefutwa. Ungeambiwa mbunge kadai fedha za nyumba, lakini usingeweza kujua kwamba nyumba ya mwaka huu si ile ya mwaka jana. Mchezo wote wa kubadilisha nyumba ungebaki gizani kama watu wangezipata karatasi hizo tu.

Tuihame kidogo nyumba ya wabunge, twende ikulu ya kifalme. Mwaka huo huo wa 2005 mwandishi wa gazeti la Guardian, Rob Evans, aliomba barua ambazo Charles, wakati huo akiwa Mwana wa Mfalme, aliwaandikia mawaziri. Nyumba ya kifalme ilikuwa nje ya sheria, lakini wizara zilizopokea barua hizo zilikuwa ndani, kwa hiyo mlango wa kubishia ulikuwepo. Serikali ilipigana mahakamani kwa miaka 10. Mwezi Machi 2015 Mahakama ya Juu ikaamua barua zitolewe, na miezi miwili baadaye zikasomwa na kila aliyetaka. Kulikuwa na nini? Malalamiko juu ya helikopta za jeshi kule Irak, habari za wakulima, dawa za mitishamba, ndege na samaki wa bahari ya kusini. Watu wakauliza, ndiyo hayo tu? Lakini wakati kesi inaendelea, Bunge lilikuwa limekwisha badilisha sheria. Tangu Januari 2011 barua za mfalme au malkia, za mrithi wake na za anayemfuata mrithi, zimefungiwa kabisa. Aliyebisha hodi mara ya kwanza alifunguliwa, lakini anayemfuata atakuta mlango umejengewa ukuta.

Sasa niwalete karibu na nyumbani, kwa maana kisa kinachofuata kinatuhusu moja kwa moja.

Mwaka 2009 wazee watano kutoka Kenya walifungua kesi mjini London. Walidai kwamba wakati wa vita vya Mau Mau, katika miaka ya hamsini, waliteswa katika kambi za serikali ya kikoloni. Serikali ya Uingereza iliulizwa na mahakama: nyaraka ziko wapi? Wanahistoria waliokuwa wakiisaidia kesi hiyo, akiwemo Profesa David Anderson, walikuwa na hakika kwamba kabla ya uhuru, mwezi Desemba 1963, masanduku ya mafaili yalisafirishwa kutoka Nairobi kwenda Uingereza. Sera hiyo haikuwa ya Kenya peke yake. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alikwisha agiza kwamba serikali mpya zisirithi karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia, polisi au jeshi lake.

Mwezi Januari 2011 ukweli ukatoka. Katika jumba la serikali liitwalo Hanslope Park, katika mkoa wa Buckinghamshire, kulikuwa na masanduku kama 300 ya Kenya, yenye mafaili yapatayo 1,500. Baadaye ikaonekana kwamba yalikuwapo mafaili kama 8,800 kutoka makoloni 37. Yalikuwa yamefichwa karibu nusu karne, na hayakuwa katika orodha yoyote ambayo raia angeweza kuisoma. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, pamoja na gharama za kesi. Mnara wa kumbukumbu ukajengwa Nairobi.

Kwa nini nimekileta kisa hiki? Kwa sababu Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza haikuwa imesamehewa na sheria. Ilikuwa imeandikwa katika ile orodha, na kwa miaka sita raia yeyote aliruhusiwa kuibishia hodi. Lakini utaombaje faili usilojua kwamba lipo? Kwa hiyo kuna nyumba zilizotolewa katika orodha, na kuna vyumba vya uani ndani ya nyumba zilizomo katika orodha. Wazee wale wangeweza kuzikwa na ukweli wao, kama kusingekuwa na mahakama iliyoruhusiwa kuuliza, na watu waliobisha bila kuchoka.

Pengine kuna msikilizaji anayesema: ndugu mtangazaji, unataka majasusi waanike siri za nchi barabarani? La hasha. Nchi isiyo na siri ni kama nyumba isiyo na mlango wa chumbani. Ninachosema ni kwamba iko njia ya kulinda siri bila kuificha nyumba yote. Tazama India. Sheria yao ya mwaka 2005 imeziacha nje idara za ujasusi na usalama zilizotajwa kwa majina. Lakini papo hapo imeongeza sentensi moja: habari zinazohusu madai ya rushwa au ya uvunjaji wa haki za binadamu hazimo katika msamaha huo. Yaani, linda siri za kazi yako, ila usijifiche nyuma yake ukiiba au ukitesa. Sentensi hiyo haijamaliza matatizo ya India, lakini raia ana mahali pa kuanzia.

Na sisi je? Uganda ilitangulia, mwaka 2005. Sheria yake inaziweka nje kumbukumbu za Baraza la Mawaziri na za kamati zake, pamoja na majalada ya mahakama kabla kesi haijaisha. Waandishi wawili walipoomba mikataba ya mafuta, walikataliwa, na mwaka 2010 hakimu wa Nakawa naye akawakatalia. Walishindwa, ni kweli. Lakini walishindwa mchana kweupe, kwa hukumu iliyoandikwa, ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma na kuipinga. Hilo ndilo kabati lililofungwa. Kenya iliweka haki hii katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, kisha ikatunga sheria mwaka 2016 inayoitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Tanzania nayo ilitunga yake mwaka huo huo kwa upande wa Bara, na ikazigusa hata taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma.

Sheria hizi si maneno ya Mungu. Hubadilishwa, tena mara nyingi kimya kimya, kwa muswada mfupi siku ya Ijumaa ambapo ukumbi uko nusu. Tarehe 18 Mei 2007 ilikuwa siku ya Ijumaa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku utakaposikia redioni kwamba sheria ya habari inafanyiwa marekebisho madogo, usibadilishe stesheni. Uliza maswali matatu. Mosi, wanafunga kabati au wanaificha nyumba? Pili, nani ananufaika, ni taifa au ni mwenye kuleta muswada? Tatu, kama ndani ya nyumba hiyo kuna wizi au mateso, je, mlango utafunguka? Majibu yakiwa mazuri, tuwaunge mkono. Yakiwa na kigugumizi, tusinyamaze, kwa sababu mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yanayofichwa katika ofisi za umma ni maradhi yetu sote.

Hadi juma lijalo, majaliwa. Kwaherini.